Gari Lililokosa Radhi

Tulipomzika wifi yangu Minza, vijana waliokodi muziki wa msiba walinipa kipaza sauti niseme neno juu ya marehemu, maana katika rika lake nimebaki mimi. Nilikishika, nikakisogeza mdomoni, na kilichonijia kwanza hakikuwa majonzi. Kilikuwa woga. Nilisubiri mluzi wa spika. Haukuja. Nikataja jina lake, Minza binti Luhende, nikawashukuru waliotoka Sengerema na waliotoka mjini, nikakirudisha kwa kijana. Watu walishangaa. Mama Editha, aliyekuwa mwenye nyumba wetu Mabatini na ambaye mpaka leo anatembea bila fimbo, aliniinamia akasema siku hizi nimekuwa mchoyo wa maneno. Si uchoyo. Nililitazama lile jeneza nikakumbuka kwamba ugomvi wangu na wifi ulikuwa juu ya neno moja tu, tuligombana nalo tangu ujana, kila tulipokutana, mpaka watoto wetu wakawa wanatuomba tusilianze wakati wa kula. Sasa nimebaki na neno hilo peke yangu na sina wa kubishana naye.

Ugomvi huo ulianza mwaka ule kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, na mume wangu Masalu akawa mmoja wao. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni, mche mmoja tunaukata kwa uzi na jirani. Mara sabuni zikaja za kila rangi, za mche na za unga, zenye picha ya mwanamke anacheka mbele ya beseni, na wenye maduka wakaanza kugombea wanunuzi. Jambo hilo lilikuwa geni kwetu, tulizoea mnunuzi ndiye anayebembeleza. Masalu aliliona hilo mapema kuliko wenzake waliokaa vijiweni wakisubiri kiwanda kifunguliwe tena. Alichukua mafao yake, akaongeza ng'ombe wa zizi la mama yake ng'ambo ya ziwa, kule Busisi, aliowauza kwa makubaliano na kaka yake bila mama kuulizwa, akanunua pikapu ya mtumba kutoka Japani. Ilikuwa na redio ya kaseti ambayo namba zake zilikomea tisini, ikawa stesheni nyingine haizishiki, inakoroma tu. Akafunga amplifaya chini ya kiti, akapandisha honi mbili za kutangazia juu ya paa, akaipeleka kupakwa rangi ya bluu nje na ndani, ing'ae, akaanza kazi ya matangazo.

Tulikaa vyumba viwili kwa Mama Editha. Chumba cha kulala kilipakana na cha fundi cherehani, na ukuta ulikuwa wa mabanzi yaliyopigwa udongo upande mmoja, kwa hiyo mkohozi wa kule alikohoa na huku. Tulipika barazani, wanawake wanne na majiko manne, na kila kitu kilichotokea Mabatini kilipita pale kabla hakijapoa. Mtangazaji wa kwanza wa Masalu alikuwa Deusi, kijana wa Ukerewe mwenye maneno mengi. Deusi akasikia habari za dhahabu kule Geita, akaondoka bila kuaga, na tangazo la siku hiyo lilikuwa limeshalipiwa na Bwana Kagaruki, Mhaya mwenye duka la jumla Nyegezi. Mimi nilikuwa ndani ya gari kwa bahati, napelekwa sokoni na beseni langu la dagaa. Masalu alinipa kile kipaza sauti kama mtu anayekupa mtoto umshikie mara moja. Akaniambia niseme sabuni inapatikana wapi. Nikasema kwa Kiswahili, halafu nikasema kwa Kisukuma, halafu nikaongeza langu, kwamba sabuni hii haichubui vidole. Watu wakageuka. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hata hilo kwa kuruka. Tangu nizaliwe hapakuwa na mahali niliposema neno watu wakageuka. Kuanzia siku hiyo beseni la dagaa lilimpata mwingine, na nikawa ninaamka nikiwa na hamu ya kazi, kitu ambacho nilidhani ni cha wanaume.

Haikuchukua muda gari likaanza kuharibika sauti. Mwanzoni ulikuwa mluzi mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni. Masalu akikanyaga mafuta mbu anapanda sauti, akiachia anashuka. Kisha sauti yangu ikaanza kukwaruza. Nikisema "sabuni" inatoka kama mtu anayekuna sufuria. Akiwasha taa, nazama kabisa, halafu naibuka katikati ya neno. Siku moja pale Mkuyuni nilitangaza magodoro na kilichosikika kilikuwa "godo", watu wakacheka, watoto wakatufuata wakiimba "godo, godo" mpaka njia panda. Masalu hakuwa mtu wa maneno. Alibadilisha spika ya honi moja, akabadilisha ya pili, akaazima kipaza sauti kingine, akatia fyuzi mpya, akapeleka betri kuchajiwa na kuirudisha. Kila mara tulijaribu, na kila mara mbu alikuwepo.

Ndipo watu wakaacha kulisema gari, wakaanza kunisema mimi. Nilisikia kupitia ukuta. Mke wa fundi cherehani, aliyeitwa Leokadia, alikuwa akimwambia mumewe kwamba Mama Shija anaumwa koo, na kwamba dada yake wa Bukoba alianza vilevile, sauti ikakwaruza, ikakwaruza, na walipompeleka hospitali walikuwa wamechelewa. Mumewe akasema asiseme kwa nguvu, ukuta huu unasikia. Ukuta ulikuwa umeshasikia. Nililala nikijishika shingo. Kesho yake nikaanza tangawizi na limau, nikaacha pilipili, nikaacha hata samaki wa kukaanga kwa kuogopa mwiba usije ukaongeza jambo. Nilikuwa najipima kwa siri: naingia chooni naita jina la mwanangu, Shija, taratibu, nasikiliza. Chooni sauti ilikuwa nzima. Kanisani katika kwaya ilikuwa nzima. Lakini woga haupokei ushahidi. Nilijiambia ugonjwa una saa zake, unatoka nikiwa kazini.

Bwana Kagaruki alikuja mwenyewe barazani kwetu, amevaa kaunda suti, akakataa kiti akakubali chai. Alikuwa mtu mstaarabu, hakupandisha sauti. Alisema wateja wanalalamika hawaelewi kinachotangazwa. Alisema Jumamosi kuna mnada Kisesa, analeta sabuni mpya ya unga, na atakuwepo mwenyewe. Halafu akatoa mfukoni kaseti. Ilikuwa imerekodiwa Dar es Salaam na binti mwenye sauti laini, tangazo zima, na muziki nyuma yake.

"Bwana Masalu, gari lako nalihitaji," alisema. "Mama Shija tumpumzishe koo lake. Kama Jumamosi sauti itakuwa imepona, tutazungumza. La sivyo hii kaseti itafanya kazi."

Masalu akasema, sawa bosi. Mimi nilikuwa nachochea uji. Niliendelea kuchochea mpaka ukashika chini. Nilielewa kwamba mume wangu hapotezi chochote, gari litakodiwa vilevile na watoto watakula vilevile. Atakayeshuka kwenye gari ni mimi. Nitarudi kwenye beseni, nitapiga kelele ya dagaa kama wengine, na hakuna atakayegeuka. Sikuweza kumwambia Masalu kwamba hilo linaniuma kuliko ugonjwa, angeona nimechanganyikiwa.

Mtaa ule ulikuwa na fundi mmoja wa umeme wa magari aliyeaminika, Ochieng', Mjaluo wa Shirati. Banda lake lilipakana na wapiga mabati, wale wanaotengeneza ndoo na karai, na ukiongea naye unaongea katikati ya nyundo. Masalu alimwachia gari, akaenda kufuata vibarua bandarini. Mimi nilikuwa na homa, ya woga nadhani, kwa hiyo aliyekaa pale kusubiri majibu ni wifi Minza. Wifi alikuwa dada mkubwa wa Masalu, mrefu, mwenye kauli, mtu ambaye akisikia jambo halilegei tena kichwani mwake. Alirudi jioni na uso mzito. Aliwafukuza watoto kwanza. Akakaa kitandani kwangu, akasema fundi amelipima gari lote na amepata ugonjwa. Spika ni nzima, betri ni nzima, kipaza sauti ni kizima.

"Gari limekosa radhi," alisema wifi.

Nilimwuliza fundi wa umeme anajuaje mambo ya radhi. Akasema hata yeye alishangaa, akamwuliza mara ya pili, na mtu yule akarudia hivyohivyo, tena akakasirika kidogo. Amesema hata mkibadilisha spika mia, kama radhi haipo, litalia tu. Amesema irudishwe kwenye bodi. "Bodi ni mwili," wifi akanieleza, kana kwamba sijui. "Na amesema mkwangue mpaka paonekane peupe, ndipo muifunge. Moyo huo, Mama Shija. Amesema moyo ukwanguliwe." Nikataka twende tukamsikie wenyewe, lakini fundi alikuwa amefunga banda, amesafiri Shirati kwenye msiba wa shemeji yake uliomkuta kabla hajalitengeneza gari, na hakuacha neno lingine.

Sasa mtu wa leo atacheka. Lakini nieleweke. Tulijua ng'ombe wale waliuzwaje. Na mimi nilijua zaidi ya hapo. Mama mkwe wangu, Nkwimba, alikuwa amepelekewa habari kwamba mkamwana wake anazunguka mjini akipaza sauti kutoka juu ya paa la gari, na alijibu kwa neno moja tu lililofika kwangu kupitia watu watatu: aliuliza, "Anamwita nani?" Kwetu mkamwana hapandishi sauti mbele ya wakwe. Akiwa nyumbani kwao hata jina la baba mkwe halitamki. Na mimi sauti yangu ilivuka mitaa, ikaingia nyumba za watu wanaokula, wanaolala, pengine ikawapata hata ndugu wa baba mkwe waliokuja mjini kwa shughuli zao. Wifi aliposema radhi, sikufikiria ng'ombe. Nilifikiria koo langu. Nilijua limefungwa na nani na kwa nini.

Siku iliyofuata tuliondoka, Masalu, wifi, mimi, na ile pikapu, kwa sababu wifi alisema mgonjwa hupelekwa mwenyewe. Kigongo, penye kivuko cha Busisi, tulikuta foleni ya malori ya pamba na tukakaa sana juani. Kivukoni magari yanazimwa. Katikati ya maji Masalu alinipa kipaza sauti akasema nijaribu. Nikasema moja, mbili. Ilitoka safi, haina mbu, haina mkwaruzo, safi kama maji ya mtungini. Wanawake wenye kuku wakageuka kututazama. Wifi akashika kifua. Akasema mnaona, tumeelekea tu, tayari imeanza kufunguka. Masalu alinitazama, nikaona na yeye anaamini. Tulipofika Busisi akawasha gari, tukaanza kupanda ule mlima mdogo, na sikujaribu tena, nilikuwa naogopa kuiharibu bahati.

Mama mkwe alitupokea kama kawaida yake, bila kuuliza tumefuata nini. Alipika mwenyewe, akakataa nisaidie: ugali mweusi wa udaga wa muhogo, mlenda, na samaki sato aliyekaushwa akarudishwa kwenye mchuzi wa karanga. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele chenye giza la ubaridi, sakafu ya udongo iliyopigwa ikang'aa, na kigoda kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Tulikula. Nilisikia meno yangu mwenyewe. Mikono iliponawishwa, wifi ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri mno, akaweka na mambo ambayo fundi hakuyasema. Masalu akainama akakiri habari ya ng'ombe. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akageukia upande wangu, ingawa macho yake aliyaweka chini kwa heshima, kama mimi nilivyoyaweka yangu.

"Habari ya ng'ombe ilinikasirisha, na bado nimekasirika," alisema. "Lakini kukasirika si kunyima radhi. Hizo ni nyumba mbili tofauti. Wewe mkamwana, unasema nini huko barabarani?"

Nilimjibu kwa sauti ya kwenye kiganja kwamba natangaza sabuni. Akasema hasikii. Nikarudia. Akasema bado hasikii, na kwamba amekuwa akiambiwa sauti yangu inasikika Mwanza nzima, sasa mbona haivuki hata mkeka huu. Kisha akanyanyuka, akatoka nje mpaka kwenye gari, akataka aisikie hiyo inayosemwa. Nilisimama mlangoni mwa pikapu, nikawapa wote mgongo, nikasema tangazo zima la sabuni, la Kisukuma, na vidole visivyochubuka. Injini ilikuwa imezimwa. Ilitoka safi. Majirani walitoka kwenye mashamba ya mihogo. Nilipomaliza, mama mkwe akasema, si kwangu bali kwa wifi, kwamba mtu asimwambie tena kuwa mkamwana wake anapiga kelele, kumbe anaongea.

Hapo ndipo ingeishia vizuri. Lakini wifi alisema radhi isiyopulizwa si radhi, ni maneno. Mama mkwe naye hakuwa mtu wa kufanya nusu. Aliagiza maji kwenye kibuyu, akatia unga wa mtama kidogo, akajaza mdomo, akanipulizia shingoni, upande huu na upande huu. Baridi ile naijua mpaka leo. Akampulizia Masalu kichwani. Kisha akauliza sauti inatokea wapi, na wifi akamwonyesha. Akakipulizia kipaza sauti. Akainama ndani ya gari, akauliza inapita wapi tena, wifi akamwonyesha chini ya kiti, na kabla Masalu hajafungua mdomo, mama yake alikuwa ameipulizia amplifaya maji yote yaliyobaki. Ikalia tii, ikatoa kamoshi kembamba, ikanyamaza. Honi zikanyamaza. Mama mkwe alijifuta mdomo akasema, sasa imeingia.

Nani angemwambia? Tulishukuru, tukabeba mihogo aliyotupa, tukarudi. Kivukoni hatukujaribu kitu. Masalu aliendesha kama amebeba maiti. Wifi peke yake alikuwa na furaha, alisema imenyamaza kwa kuwa imetosheka, kesho itaongea. Mimi nilikuwa nasikia ile baridi shingoni na najiuliza kitu ambacho sikuweza kumwuliza mtu: kama nimepewa sauti na wakati huohuo imezimwa, basi nimepewa nini?

Asubuhi ya mnada tulikuwa mlangoni kwa Ochieng' kabla hajafungua. Alikuwa amerudi usiku na macho mekundu ya msiba, tukampa pole, akapokea, akainama chini ya kiti. Akavuta pumzi. Akauliza nani amemwaga uji humu. Masalu akamweleza kwa kifupi, na kwa heshima, kwamba tumefuata maagizo yake kuhusu radhi. Ochieng' alitoka kinyumenyume, akamtazama, akanitazama, akamtazama wifi aliyesimama mikono kiunoni.

"Athi," alisema. "Nilisema athi, mama. Limekosa athi. Huu waya mweusi."

Akatuonyesha. Waya huo unatakiwa kushika chuma chenyewe cha bodi ya gari, ndipo umeme urudi ulikotoka. Walipopaka ile rangi ya bluu ndani walifungua amplifaya, walipoifunga tena skrubu ikashika chuma kidogo tu, mtikisiko ulipoilegeza ikabaki juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwa hiyo umeme unarudi kwa njia za panya, unachukua na kelele za dainamo ya gari, ndiyo maana mbu anapanda injini ikikimbia, na ukizima gari ananyamaza. Alichukua bisibisi akakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana cheupe, kikang'aa, akaufunga waya pale kwa bolti mpya. Ile kazi yote haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Wifi alitazama pale penye weupe, akasema ndivyo alivyosikia yeye, kukwangua mpaka peupe, sasa kosa lake liko wapi, yeye fundi ndiye hamalizi maneno. Ochieng' akasema nyundo zilikuwa zinapiga. Wifi akasema nyundo zilimpigia nani, mbona yeye alisikia. Wakaendelea hivyo.

Amplifaya ilikuwa imekata fyuzi tu, akatia nyingine, ikaamka. Tatizo lilikuwa kipaza sauti. Alikifungua, akakifuta unga wa mtama, akakianika juu ya paa la gari, akasema hawezi kuahidi, kikikauka pengine kitaongea, pengine kitakoroma, pengine basi. Muda haukuwepo. Tuliondoka nimekishika dirishani kipate upepo, na mluzi haukuwepo tena, gari lilikuwa kimya ndani kama chumba ambacho mgonjwa amelala.

Bwana Kagaruki alikuwa ametangulia Kisesa na maboksi yake. Hakusubiri maelezo. Aliisukuma kaseti ndani ya redio na yule binti wa Dar akaanza kuongea. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo kutoka kwenye zile honi. Alisikika mpaka upande wa ng'ombe, kila herufi imenyooka, na muziki nyuma. Masalu alitikisa kichwa kwa furaha ya fundi, akajizuia aliponiona. Bwana Kagaruki akasema, sasa hapo. Akaniambia, kwa upole, nikae kivulini. Nikabaki kwenye kiti changu na kile kitu mapajani, waya wake umechomekwa kwa mazoea tu, sijui hata kama ni kizima. Nilifikiri: nimelihangaikia gari hili lipone, nimevuka maji, nimesimama mbele ya mkwe, na aliyepona ni mwingine.

Binti alisema habari zenu akina mama, habari zenu wazee wetu. Na hapo akapita mzee mmoja mwenye kofia ya sufi na fimbo ya kuchungia, baadaye nilimjua jina, Mzee Ngussa. Akasimama. Ameitwa mzee, amesalimiwa, akafanya kama inavyotakiwa: akaegemea fimbo, akatoa salamu ya asubuhi ya kwetu, akasema, "Mwangaluka." Akangoja. Binti akasema wahi sasa kabla haijaisha. Mzee akarudia kwa sauti zaidi, labda dada hasikii vizuri. "Mwangaluka." Binti akacheka, kicheko kile cha kwenye kaseti, na muziki ukapanda. Uso wa mzee ulibadilika. Aligonga boneti kwa fimbo, mara moja, akauliza waliosimama ni gari la nani hili, linalosemesha wakubwa halafu haliitikii, tena linawacheka. Watu wakakusanyika. Kijana mmoja akajaribu kumweleza kuwa ni kaseti, mzee akasema hajauliza jina lake. Wanawake waliokuwa wameshaanza kufungua vitambaa vya pesa wakaanza kuvifunga. Bwana Kagaruki hakujua Kisukuma, aliona tu watu wanarudi nyuma kutoka kwenye maboksi yake, akaniuliza wana nini hawa.

Nilimwambia Masalu azime kaseti. Alimtazama bosi, akanitazama mimi, akazima. Nikafungua mlango, nikashuka nikiuvuta ule waya mpaka ukakaza, maana salamu ya mtu mzima haiitikiwi ukiwa umekaa juu yake, nikapiga magoti kwenye vumbi kando ya tairi. Nilibonyeza. Ilikoroma. Nikapuliza, nikabonyeza tena, sijui kama kitakachokataa ni hicho kidude au ni mimi.

"Mwangaluka, baba," nilisema.

Ilitoka. Haikuwa laini kama ya binti, na ilikuwa na unga wa mtama ndani yake, lakini ilikuwa yangu, nzima, ikaenda juu ya mnada wote. Mzee Ngussa akaitikia, akauliza nyumbani, nikamjibu nyumbani. Akauliza ng'ombe. Nikasema wapo. Na kwa kuwa salamu ilitoka juu ya paa, kila aliyeisikia alijiona amesalimiwa yeye. Kutoka upande wa vitunguu akaitikia mwanamke mmoja. Wakaitikia wa mahindi. Wakaitikia wachungaji kule mbali kwenye mbuga, mmojammoja, wengine wakiniuliza za nyumbani, na mimi sikuweza kunyanyuka, kila nikitaka kuinua goti anaitikia mwingine, namjibu.

Nyuma yangu Bwana Kagaruki aliuliza wanasema nini. Masalu akamwambia wanasalimia. Akauliza watamaliza lini, aweke kaseti.

"Bosi," alisema mume wangu, "mwache aitikie kwanza."